Mitamba Wawili na Shimo la Saba

Jumatatu, 7 Oktoba 1991

Nimefika! Chumba namba nne, dirisha linatazama ziwa. Shuka mbili nyeupe kwa mtu mmoja. Bafu humo humo ndani, na sabuni ndogo mpya iliyofungwa kwa karatasi. Miaka ile ya shida tulipangaga foleni ya sabuni pale mtaa wa Mukendo toka alfajiri, unarudi nyumbani na kipande kilichokatwa kwa uzi. Leo mimi Pastory Masatu, karani wa zamani wa duka la ushirika, naogea sabuni nzima peke yangu. Nimeoga mara tatu na jioni bado haijaingia.

Mpango wenyewe nauandika hapa, maana daftari halina mdomo. Kinafunguliwa kiwanda kipya cha samaki, cha mtu binafsi, siku hizi kila kitu ruksa. Kinatafuta wakala mmoja wa kukusanya sangara na dagaa kutoka Mugango mpaka Murangi. Mkurugenzi wake, Bwana Matiko, amekuja hoteli hii kupumzika wiki nzima na kucheza gofu. Wenye akili fupi wanapeleka barua za maombi ofisini. Mimi nimekuja kucheza naye gofu. Kazi anapewa rafiki, hilo nililijua tangu enzi za ushirika.

Kuna jambo moja dogo. Hoteli nimeilipia kwa mitamba wawili, na mitamba wenyewe si wangu hasa. Ni wa mahari ya mdogo wangu Werema. Ng'ombe wanane, Jumamosi hii wapelekwe Butiama kwa wazazi wa Jeska. Mimi ndiye kaka mkubwa, mimi ndiye mtunzaji. Wawili nimewauza mnadani Bunda. Werema nimemwambia nimewapeleka huko wakanenepe, Bunda kuna majani mazuri. Ijumaa nikishapewa uwakala, kiwanda kinatanguliza malipo, nanunua mitamba wengine wanene kuliko wale. Kwa hiyo sijadanganya. Nimeutangulia ukweli tu.

Dafroza, mke wangu, anajua niko semina Bunda.

Nimevaa suruali ya mitumba, mirabaraba ya kijani na njano. Muuzaji aliapa kwamba ndiyo wavaayo wacheza gofu. Meneja wa hoteli, Madamu Lukresia, aliitazama kwa muda mrefu. Wivu.

Habari mbaya: chumba namba tano kuna Thadeo Makongoro! Yule mwenye duka la misumari na pikapu. Eti kaja kupunga upepo. Upepo gani, mtu kazaliwa ziwani? Naye anawinda uwakala. Tumesalimiana kwa kucheka sana, meno yote nje.

Jumanne, 8 Oktoba 1991

Siku ya kwanza ya gofu. Nimejifunza kwamba mpira ule ni mdogo kuliko unavyoonekana ukiwa mbali.

Uwanja una mashimo tisa, uliachwa na wazungu. Unaweka mpira chini, unaupiga kwa fimbo, unaufuata, unaupiga tena, mpaka uingie shimoni. Kuzunguka kila shimo kuna duara la mchanga mweupe wa ziwani, umechanwa kwa reki na kusawazishwa vizuri, katikati kuna mti wenye kibendera chekundu. Zamani mchanga huo ulimwagiwa oili chafu ili ukae imara. Miaka ya shida oili ikaisha, mchanga ukabaki msafi kama sakafu ya kanisa.

Haya nimeambiwa na Mzee Kasmiri. Yeye alikuwaga mbeba fimbo wa wazungu wa mgodini. Sasa anabeba za hoteli, na anaujua mchezo kuliko wanaoulipia.

Bwana Matiko ni mtu mkubwa, mpole, Mkurya wa Tarime aliyekaa Nairobi miaka mingi. Nikamwamkia, nikamwambia nimecheza gofu tangu shule. Akafurahi. Akanikaribisha nipige wa kwanza. Nikapiga. Likaondoka gongo la udongo lenye majani yake, likatua kwenye viatu vya Thadeo. Mpira ulibaki pale pale.

Nikashika bega haraka. Nikasema ni kidonda cha zamani, niliumizwa na kiboko nikiwa kijana. Bwana Matiko akatikisa kichwa kwa huruma na heshima. Thadeo naye akapiga. Wake ukaenda! Ulienda kwenye miti, lakini ulienda.

Jioni nimemwomba Mzee Kasmiri anifundishe kwa siri nyuma ya jiko. Malipo, sabuni nne za hoteli, nimezichota kwenye toroli la usafi. Alinitazama nikipiga mara kumi, akasema nalima. Eti ningekuwa shambani sasa hivi ningekuwa nimemaliza tuta la viazi. Nikamwambia anifundishe, asinihesabie matuta. Mzee ana maneno huyu!

Chakula cha jioni: supu, sangara wa kukaanga, kuku, keki. Nimekula vyote kwa ajili ya kazi.

Jumatano, 9 Oktoba 1991

Aibu ya mwaka. Naiandika ili nisiirudie kuifikiria.

Nilipanga kumtisha Thadeo abaki chumbani. Wakati wa chai nikatangaza kwamba viboko hupanda uwanjani kula majani, na mwenye bahati mbaya akikutana nao hazikwi mzima. Thadeo akaacha kutafuna. Safi! Lakini Bwana Matiko akasimama, akasema vizuri sana, kwa kuwa Ndugu Pastory amewahi kupambana na kiboko, atuongoze tukague uwanja kabla ya kucheza.

Nikaongoza. Ningefanyaje? Shimo la tatu tukakuta nyayo kwenye mchanga. Nikachuchumaa. Nikazipima kwa kiganja. Nikasema ni kiboko dume, mzee, mwenye hasira, na amepita si zaidi ya saa mbili zilizopita. Mzee Kasmiri akakohoa. Akasema kwa heshima zote, ni ng'ombe. Kisha, kama hiyo haitoshi, akasema kwa ukubwa wa kwato, ni mtamba.

Mtamba! Katika wanyama wote wa dunia hii!

Bwana Matiko alicheka mpaka akashika mti wa bendera. Mtu wa Mara asiyejua kwato za mtamba! Akauliza kama nililelewa Ulaya. Thadeo alicheka kuliko wote, halafu akaniuliza ni bega lipi lile liliumizwa, maana jana nilishika la kushoto na leo nashika la kulia. Nikasema kiboko ana meno mengi.

Lakini Mungu si Athumani. Saa sita, tukiwa tunakunywa soda barazani, Bwana Matiko akasema jambo zito. Gofu anachezea afya tu. Wakala anayemtaka ni mtu anayesikilizwa na akina mama wa ufukweni, kwa sababu wao ndio wanaokausha dagaa, wao ndio wanajua nani kavua nini. Ataamua Ijumaa baada ya mchezo wa mwisho. Thadeo akaanza kueleza bei za misumari. Mimi nikamkata kauli. Nikasema akina mama wa Mugango wote wananisikiliza, nikipiga mluzi wanakuja.

Bwana Matiko akasema basi piga.

Nimemtuma Mzee Kasmiri Mugango kwa baiskeli ya hoteli. Akawaambie akina mama walete sampuli ya dagaa wao bora Ijumaa saa nane mchana, baada ya gofu. Sabuni sita. Tatizo, mama mkwe wangu Tereza anakaa huko huko Mugango na anauza dagaa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapishani njia moja, hawakai chumba kimoja. Miaka kumi na sita niko na Dafroza, na mama yake namjua kwa sauti na mgongo tu. Sikumwambia Kasmiri amruke mama mkwe. Jambo kama hilo halihitaji kusemwa. Mzee mzima ataelewa.

Alhamisi, 10 Oktoba 1991

Asubuhi nzuri. Kasmiri karudi, anasema ujumbe umefika na akina mama wamefurahi. Hata mpira nimeupiga ukaruka! Uliruka nyuma, lakini uliruka.

Mchana nikiwa nimejilaza kwenye kiti kirefu ufukweni, miwani ya jua usoni, suruali yangu ya mirabaraba, nikasikia mtu anasema, "Kaka?"

Werema.

Anaiuzia hoteli hii samaki! Nilisahau kabisa. Kasimama na baiskeli yake, kapu la sato nyuma, jasho linamtoka. Akaniamkia. Akashangaa, si niko semina Bunda? Nikamwambia semina imehamishiwa hapa. Akatazama viti virefu, akatazama ziwa, akasema serikali siku hizi inawajali watu. Hana hila mdogo wangu huyu. Ndilo linaloniuma.

Akanionyesha shati la harusi alilonunua, jeupe, amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni lisinuke samaki. Miaka minne amesubiri. Miaka miwili ilikuwa ng'ombe hawatoshi, mwaka mmoja ugonjwa, mwaka mmoja baba yake Jeska alikuwa amenuna tu. Akasema Jeska kamwambia safari hii ikipita, babake atampokea mtu mwingine wa Butiama aliyekwishaleta maneno. Kwa hiyo hataki nisumbuke. Yeye mwenyewe anaondoka sasa hivi kwenda Bunda kuwachukua wale mitamba. Wako kwa nani?

Nikasema wako kwa Mzee Kwangu, nyuma ya mnada. Jina lilikuja lenyewe. Simjui Mzee Kwangu yeyote. Werema akashukuru, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniachia sato mmoja mkubwa niwape wanasemina wenzangu. Akapanda baiskeli akaondoka akipiga mluzi.

Nimekaa muda mrefu na yule sato magotini. Nilipokuwa na homa ya malaria ile mbaya, mtoto yule alinisukuma kwa baiskeli hiyo hiyo toka Mugango mpaka hospitali. Jamani, kesho lazima nishinde. Lazima!

Sikula vizuri jioni. Sahani mbili tu.

Ijumaa, 11 Oktoba 1991

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua kali. Saa tatu tukaanza, Bwana Matiko, Thadeo na mimi. Mzee Kasmiri kabeba fimbo zangu. Mashimo sita ya kwanza tusiyazungumze. Mipira miwili iko ziwani, mmoja alikimbia nao tumbili. Thadeo alikuwa mbele yangu na anaimba.

Shimo la saba liko nyuma ya kilima kidogo, kando ya maji, hulioni toka unapopigia. Nikafumba macho. Nikawaza mitamba. Nikapiga.

Yesu na Maria! Mpira uliruka kama ndege, mweupe, juu, ukavuka kilima ukazama upande wa pili. Kasmiri alivua kofia. Akasema tangu wazungu waondoke hajaona pigo kama lile, na hakika mpira uko mchangani karibu kabisa na bendera. Bwana Matiko akanipiga begani, lile la kulia, nikasahau kusikia maumivu. Akasema mbele ya mashahidi: mpira huo nikiuingiza kwa pigo moja tu, uwakala ni wangu, tutaandikishana papo hapo juu ya mgongo wa Thadeo.

Nikakimbia! Suruali inapepea. Nikafika juu ya kilima.

Nikaona mgongo.

Mgongo ule naufahamu. Umeinama, kanga ya bluu, fagio mkononi. Mama mkwe! Na wenzake saba, na mabeseni, na mtumbwi umevutwa ufukweni, na duara lote la shimo la saba limetandazwa dagaa wabichi mpaka kwenye bendera. Nikajitupa kwenye kichaka cha miba kama chura.

Habari nimezipata vipande vipande toka kichakani. Dagaa wamevuliwa usiku wa giza la mwezi, mvua ya alfajiri ikalowesha ufukwe wote wa Mugango. Dagaa hawasubiri saa nane, wanaoza. Mama mkwe ndiye kiongozi wa akina mama wote. Kasmiri alimpelekea ujumbe yeye kwanza, maana bila yeye hakuna mama anayenyanyua hata beseni. Basi akaamua waje mapema wakaushie huku huku. Wakakuta mchanga mweupe, uliokwishakauka kwa kuwa uko juu ya kinyanyuko, uliochanwa kwa reki, na bendera nyekundu ya kufukuzia ndege. Walimsifu sana aliyeutengeneza. Walisema hatimaye serikali imewakumbuka.

Hatua thelathini toka kichakani mpaka kwenye mpira wangu. Thelathini! Upande huu Werema na miaka yake minne. Upande ule mama mkwe. Nikafikiri haraka. Mila inakataza kutazamana. Kurudi kinyumenyume, je? Mila haijasema kitu. Nikavua koti, nikajifunika kichwa, nikageuza mgongo, nikaanza kurudi nyuma taratibu na fimbo yangu, Kasmiri akiniongoza: kushoto, kulia, kushoto kidogo. Nikasikia akina mama wanapiga kelele, nani huyu asiye na kichwa? Nikasikia sauti ya mke wangu mwenyewe, Dafroza, aliyekwenda kumsaidia mama yake, ikisema miguu ile inafanana na ya Baba Helena, yaani mimi. Kelele zikazidi. Mama mkwe kajifunika kanga na kukimbia upande mmoja, mimi nikakimbia upande mwingine, kinyumenyume, nikakaa ndani ya beseni la dagaa.

Thadeo akaona nafasi yake. Akapita juu ya dagaa kwa viatu, moja kwa moja, akitafuta mpira wake alioupiga baada yangu. Wale akina mama saba wana mafagio saba. Sitaeleza zaidi. Nilikaa mle ndani ya beseni nikasikiliza, na kwa dakika moja nilifurahi kuliko siku zote maishani mwangu.

Bwana Matiko alifika wa mwisho. Madamu Lukresia alikuwa nyuma yake akifoka kuhusu uwanja wa wageni. Bwana Matiko akatazama dagaa, akanitazama nilivyofunikwa koti, akamuuliza Kasmiri kuna nini. Kasmiri akajibu neno moja: mkwe. Mkurya yule akaelewa pale pale. Akavua kofia, akavua viatu, akazunguka duara zima peku bila kukanyaga hata dagaa mmoja. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu. Akaokota dagaa waliokwishaanza kukauka, akatafuna. Akauliza mbona hawana mchanga tumboni. Mama mkwe akamweleza, toka kwenye wavu mpaka kwenye gunia, nani anavua wapi, nani anapunja, nani anaaminika, Mugango mpaka Murangi, bila kuangalia karatasi. Alieleza muda mrefu. Bwana Matiko akaacha kutafuna.

Uwakala amepewa mama mkwe wangu Tereza.

Nikarudi kichakani kwangu. Dafroza akanifuata kichakani, mikono kiunoni, akaniuliza semina inaendeleaje. Nikamwambia yote. Mitamba, mnada, Werema aliyeko Bunda anamtafuta mtu ambaye hayupo. Nililia, naandika bila aibu. Dafroza hakunipiga, ingekuwa nafuu. Akaenda kumweleza mama yake.

Mama mkwe hasemi na mimi. Akainama, akasema na dagaa, kwa sauti ya kufika kichakani: "Enyi dagaa, mwambieni yule mwenye suruali ya kinyonga kwamba mtoto Werema hataaibika Butiama. Ng'ombe wawili watatoka kwangu. Na mwambieni Jumatatu aje kupima samaki, alipe kwa jasho. Na sabuni alizojaza mfukoni azirudishe, tunaziona toka huku."

Mpira wangu niliuulizia baadaye. Mama mkwe aliuokota mapema sana, akadhani ni yai la kenge, akautupa ziwani.

Jumamosi, 12 Oktoba 1991

Butiama. Miguu imekufa.

Tulitoka Mugango kabla jua halijachomoza. Mitamba wa mama mkwe waliletwa na Dafroza. Mmoja ana baka jeupe shingoni. Nilimtambua papo hapo, ni mjukuu wa ng'ombe niliyempeleka mimi mwenyewe kwa mahari ya Dafroza! Kwa hiyo ukifikiria vizuri, nusu ya deni nimelilipa mwenyewe. Nilimwambia Dafroza hivyo. Akasema ninyamaze.

Werema alitukuta njiani, anatoka Bunda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kumbe Mzee Kwangu yupo kweli! Yupo nyuma ya mnada kama nilivyosema. Ni mchinjaji. Alimkaribisha Werema vizuri, akamwonyesha ngozi mbili zimewambwa ukutani. Werema alizitambua.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu matatu. Yeye akawahesabu ng'ombe, wanane. Akawahesabu tena. Akafuta uso kwa mkono, akanipa kamba ya yule wa mbele, akasema niongoze mimi, kaka ni kaka.

Niliongoza. Sikuweza kugeuka nyuma kwa mwendo mrefu, na si kwa sababu ya mila.

Wazazi wa Jeska walipokea. Baba mtu alizunguka kila ng'ombe, akagusa nundu, akaangalia meno, akakaa chini, akaagiza togwa. Jeska alichungulia dirishani mara moja tu akacheka. Harusi ni baada ya wiki mbili, Werema atavaa lile shati. Nimemkumbatia mdogo wangu nikamwahidi kwamba tangu leo sitagusa kitu cha mtu, na sitamdanganya mtu maisha yangu yote yaliyobaki. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 13 Oktoba 1991

Tumetoka kanisani. Nimesamehewa na kila mtu, ni siku tulivu.

Kesho naanza kazi. Mama mkwe amejengesha uzio wa matete pale ufukweni, yeye atakaa upande ule na daftari, mimi upande huu na mizani. Akitaka kunigombeza ataigombeza mizani. Thadeo ameajiriwa na pikapu yake kubeba magunia. Ana plasta puani na haimbi.

Nimelitafakari jambo hili vizuri wakati wa mahubiri. Mama mkwe hawezi kuja upande wangu. Maana yake bosi wangu ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kunitembelea kazini! Nani mwingine amewahi kupata kazi ya namna hiyo? Nitakuwa na muda mwingi.

Muda huo una matumizi. Nimepita hotelini kurudisha sabuni, zile nyingi. Madamu Lukresia akasema nisisogelee uwanja, lakini kwa bahati nzuri ubao wa matangazo uko nje. Wiki ijayo anakuja mkurugenzi wa kiwanda cha pamba kutafuta wakala. Huyu hachezi gofu. Anacheza tenisi. Tenisi mpira ni mkubwa, na unarushiwa, huutafuti chini! Nimeshaona kaptula nyeupe kwenye mitumba, inanitosha nikivuta tumbo.

Tatizo ni gharama za chumba.

Jioni Werema alipita na dume lake jeusi, lile la kuchinjwa siku ya harusi. Kwake zizi limebomoka na mvua ya Ijumaa. Akaniomba nimtunzie wiki hizi mbili. Nikamuuliza kama ana hakika. Akacheka, akasema kaka ni kaka, akalifunga nyuma ya nyumba yangu, akaondoka akipiga mluzi.

Nimetoka kulitazama sasa hivi. Dume zuri, ila limekonda kidogo ubavuni. Aibu kulichinja harusini likiwa hivyo.

Bunda kuna majani mazuri sana.